Chura Asiye na Kabuti

Shangazi yangu ameshona nguo za watu kwa zaidi ya miaka 30, na ukikaa naye mbele ya televisheni usitegemee atafuata hadithi. Yeye hufuata mishono. Desemba iliyopita watoto wa nyumbani waliweka ile filamu ya Krismasi ya vikaragosi, ile ya chura, nguruwe na tajiri bahili, nami nikadhani atasinzia kabla ya wimbo wa pili. Hakusinzia. Alimtazama chura akifunga ofisi usiku wa theluji, skafu ndefu shingoni, akasema taratibu kama anayeongea na cherehani yake: "Huyu analipwa vibaya. Ana skafu, hana kabuti."

Shangazi hajawahi kumsoma Charles Dickens. Hakujua kwamba maneno yake yamo karibu vilevile katika A Christmas Carol, kitabu cha mwandishi huyo wa Uingereza: karani Bob Cratchit anatoka kazini ncha za skafu yake nyeupe zikining'inia chini ya kiuno, maana kabuti hana. Dickens aliyaandika hayo mwaka 1843. Miaka 149 baadaye kuna watu waliomvisha chura wa kitambaa maneno hayohayo, bila mhusika yeyote kuyatamka, na fundi cherehani wa Tanga akayasoma akiwa kwenye kochi. Nimekuwa nikilitafakari jambo hilo tangu usiku ule.

Filamu yenyewe ni The Muppet Christmas Carol, iliyotoka Desemba 1992. Aliyeiongoza ni Brian Henson, na ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza, miaka miwili na ushei baada ya kufariki baba yake, Jim Henson, muasisi wa vikaragosi hao. Michael Caine ni Ebenezer Scrooge, tajiri wa London asiyetaka hata kusikia neno Krismasi, mpaka mizimu mitatu ya Krismasi inapomtembelea usiku na kumgeuza. Kermit, chura wa kijani, ni karani wake. Miss Piggy ni mke wa karani. Maleba yalibuniwa na Ann Hollowood na Polly Smith, na huyu wa pili alikuwa ameshawashonea vikaragosi wa Henson kwa miaka mingi. Majina yao hupita mwishoni wakati watoto wameshasimama kudai soda, na sijui kama kuna mtu sebuleni kwetu aliyewahi kuyasoma.

Nikiri mapema kwamba mjadala wa usahihi wa mavazi ya kihistoria huwa unanichosha. Kuna watu wakiona kifungo cha mwaka 1850 kwenye koti la mwaka 1843 hawalali. Kazi hiyo nimewaachia na sitaigusa. Swali langu ni la kishangazi zaidi: nguo inasema nini kuhusu aliyeivaa, na je, inasema kwa lafudhi ya wakati wake? Hadithi hii haitaki jibu la juujuu, kwa sababu Dickens mwenyewe aliijaza nguo kila kona. Ukiondoa mizimu, kinachobaki ni hesabu ya nani ana blanketi na nani hana.

Kwanza tuuondoe mtego wa neno "enzi ya Victoria". Malkia Victoria alitawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901, zaidi ya miaka 63. Kusema mtu kavaa "nguo za enzi ya Victoria" ni sawa na mtu kusema babu yake alivaa "nguo za wakati wa mkoloni". Mkoloni yupi? Mjerumani wa bakora au Mwingereza wa kaptula? Kadi za Krismasi hazijali. Huchukua sketi ya mwaka 1860, kofia ya 1890 na koti la 1840, zikapiga picha ya pamoja chini ya taa ya mtaani, na filamu nyingi za sikukuu zimeshonwa kutoka kwenye kadi hizo.

Mwaka 1843 ulikuwa na sura yake. Mabega ya gauni la mwanamke yaliteremka kama paa, mikono ilibana, kiuno kikashuka na kuishia ncha kwa mbele. Sketi ilituna kama kengele, na kilichoituna ni magagulo, gagulo juu ya gagulo, mengine yamefumwa kwa singa za farasi ili yasilale. Ule mzigo wa pete za chuma uliowafanya wanawake wasipite mlangoni ulikuja baadaye. Hataza yake ni ya mwaka 1856. Kofia ya mwanamke ilikunjwa ukingo pande zote mbili za uso, hata ukitembea naye ubavuni humwoni shavu, na ukitaka kumsalimia vizuri ni lazima umzunguke mbele. Mwanamume mwenye nafasi yake alivaa koti refu lililobana kiunoni, kizibao, kitambaa cha shingoni na kofia ndefu ya mche. Kila mshono ulikuwa wa mkono. Elias Howe alipata hataza ya cherehani yake Marekani mwaka 1846, na Singer ya kwake mwaka 1851. Kwa hiyo hakuna gauni hata moja London ya Scrooge lililoshonwa kwa mashine, jambo lililomfanya shangazi anyamaze kidogo nilipomwambia, kisha akauliza walikuwa wakilipwa bei gani.

Rangi nazo zina tarehe. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Perkin, alikuwa London akijaribu kutengeneza kwinini maabara, dawa ileile ya malaria iliyotutia uchungu mdomoni utotoni. Kwinini haikutoka. Kwenye chupa kukabaki uchafu uliotoa rangi ya zambarau, na kutoka hapo dunia ikapata rangi za viwandani, zile zinazopiga kelele. Kabla ya hapo nguo zilitiwa rangi kwa nili, mizizi ya mmea, magome, na wadudu waliosagwa kwa ajili ya wekundu. Ukiutazama mtaa wa filamu hii, ule wa mwanzoni ambako kila mtu, hadi mboga sokoni, anaimba jinsi Scrooge alivyo mbaya, utaona umetulia kwenye hudhurungi, kijivu na kijani iliyopauka. Sinema ya watoto ingeweza kumwaga rangi kama duka la pipi. Hawa hawakumwaga, na utaona baadaye faida ya uchoyo huo.

Turudi kwenye swali la shangazi kuhusu bei, maana ndilo swali la kitabu. Bob Cratchit analipwa shilingi 15 kwa wiki. Kitabu chenyewe, kilipotoka tarehe 19 Desemba 1843, kiliuzwa shilingi 5, theluthi nzima ya ujira wa wiki wa shujaa wake. Bob asingeweza kununua hadithi yake mwenyewe. Na siku tatu kabla, tarehe 16 Desemba, gazeti la vichekesho la Punch lilichapisha shairi la Thomas Hood kuhusu mwanamke anayeshona mashati London kwa ujira usiotosha mkate, sindano na uzi usiku kucha, mpaka anakuwa kama anashona sanda yake papo hapo na shati la mtu. Punch, gazeti la kuchekesha! Shairi lilienea nchi nzima. Aliyechora picha za kitabu cha Dickens, John Leech, alikuwa mchoraji wa gazeti hilohilo. Krismasi ile, mjini London, suala la nani anashona na nani anavaa lilikuwa mezani kwa kila aliyejua kusoma.

Ndiyo maana maelezo ya Dickens kuhusu mke wa Cratchit huwa yananigusa kuliko mizimu yote mitatu. Gauni lake limegeuzwa mara mbili. Fundi yeyote wa zamani anaijua kazi hiyo: kitambaa kikipauka upande wa nje unafumua gauni zima, unageuza ndani nje, unashona upya. Hapa kwetu waligeuza kola za mashati ya ofisini. Shangazi amezigeuza nyingi, anasema wateja walizileta zimefungwa kwenye gazeti ili jirani asione. Huyu mama wa London ameshageuza mara mbili, maana yake kitambaa hakina tena upande wa kukimbilia. Basi kwa ajili ya Krismasi kajiremba kwa tepe, kwa sababu tepe ni rahisi, na za peni sita tu zinapendeza macho. Mwanawe Peter kavaa kola ya shati ya baba, kubwa kuliko shingo yake, kaazimwa kwa heshima ya siku. Na Bob anaingia nguo zake zikiwa zimetiwa viraka na kupigwa brashi ili zifanane na sikukuu.

Nani kati yetu hajaiishi picha hiyo? Kwetu Krismasi, kama Idi, huanzia kwa fundi. Mtoto haulizi tutakula nini, anauliza nguo yangu imeisha? Aliyekosa mpya hupigiwa pasi ya zamani mpaka ing'ae. Dickens hakuhitaji kutueleza kwamba nyumba ile ni maskini. Alituonyesha tepe.

Sasa fikiria kazi ya kumvisha Miss Piggy gauni hilo. Huyu ni nguruwe aliyejizolea jina duniani kwa hariri, lulu na glavu zinazopanda hadi juu ya viwiko. Ni malkia wa majivuno. Kumweka jikoni kwa karani wa shilingi 15 ni mzaha tosha, na mbunifu mvivu angemwachia walau vito vyake ili watoto wamtambue. Waliomvisha walimpa nguo za mke wa Cratchit, wakaacha majivuno yatoke kwenye sauti na jicho. Matokeo yake anapotajiwa jina la Scrooge mezani na hasira ikampanda, hatucheki tu. Tunaona mwanamke aliyehesabu senti mwaka mzima akiombwa amtakie afya mtu anayezishikilia.

Hapo ndipo ninapoona hekima ya usahihi katika filamu ya aina hii, na inapingana na tunavyodhani. Wengi wangesema kwamba ukishaweka chura kwenye kiti cha karani, historia imeshakufa, vaa chochote. Mambo ni kinyume. Caine alieleza mara nyingi kwamba alikubali kuigiza Scrooge kwa nia ya kutokonyeza macho hata mara moja, aigize kana kwamba wenzake ni waigizaji wa jukwaa la Shakespeare na si vitambaa vyenye mkono wa mtu ndani. Maleba yalifanya vivyo hivyo. Mzaha wa chura ni mmoja tu, kwamba ni chura. Kizibao chake kingekuwa nacho cha mzaha, kofia ya mzaha, vifungo vikubwa kama sahani, tungekuwa na mizaha minne inayogombea mlango mmoja na hakuna anayeingia. Kwa kuwa koti ni koti kweli, chura anabaki kuwa karani kweli, na mwanawe mgonjwa anapokosekana mezani watoto sebuleni wananyamaza.

Kumshonea kikaragosi nguo ya kweli kuna shida zake, na shangazi ndiye aliyenifungua macho. Sufu nzito inayomkaa vizuri Caine, ukiikata kwa kipimo cha chura inasimama kama boksi. Mistari ya kitambaa, unene wa uzi, ukubwa wa kifungo, vyote lazima vipungue pamoja na mwili, huku macho ya mtazamaji yakiamini ni kitambaa kilekile cha mtaa uleule. Wengi wao hawana miguu, kwani chini ya kiuno kuna mtu aliyejificha. Kule studio za Shepperton sakafu ziliinuliwa na mbao kutolewa ili wachezeshaji wasimame chini, na Caine alipita juu ya vipande vilivyobaki. Kwa hiyo nguo inakatwa ikaishia hewani na bado ionekane inaendelea hadi viatuni. Mtu aliyewahi kushona gauni la harusi la kumkaa bi harusi aliyeketi tu kwenye kiti cha magurudumu, akaniambia shangazi, anaelewa nusu ya kazi hiyo.

Pale filamu inapoamua kuuvunja usahihi, inauvunja makusudi na sisi tunaona. Panya waandishi wa hesabu wanaomba makaa kidogo ya mawe kwa sababu wino umeganda. Scrooge anawatishia kuwafukuza kazi. Kufumba na kufumbua wamevaa sketi za nyasi na mashati ya maua wakiimba kuhusu joto la kisiwani. Mzaha huo unakata kwa sababu kila kitu kingine ofisini ni sufu na baridi. Laiti filamu nzima ingekuwa ya rangi za holela, sketi za nyasi zingepita kama nguo nyingine yoyote.

Halafu kuna mzimu wa pili, Krismasi ya Sasa, lile jitu lenye kicheko. Mdogo wa nyumbani aliuliza, "Mbona Baba Krismasi kavaa kijani?" Swali zuri. Kwa sababu Dickens aliandika joho la kijani lenye ukingo wa manyoya meupe, na shada la majani kichwani lenye vipande vya barafu, na Leech akalichora hivyo, likapakwa rangi hivyo mwaka ule wa 1843, kabla wekundu haujawa sare ya mzee huyo. Filamu ya biashara iliyotaka kuuza Krismasi ingekuwa na kila sababu ya kumpa nyekundu. Ilimwachia kijani chake, na mtoto wa miaka sita akajua kwamba Krismasi ina zamani yake.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote kimaleba ni ile inayowatisha watoto. Mzimu wa tatu unamwonyesha Scrooge siku zijazo, ambapo kuna mtu amekufa na waliomhudumia wamemwibia. Kwenye filamu mnunuzi, Joe, ni buibui. Wanamletea mapazia ya kitanda na mablanketi, na mablanketi bado yana joto. Joe anasema kwamba joto halilipii. Kitabuni wanakwenda mbali zaidi. Mwanamke mmoja anajivunia kwamba alimvua maiti shati lake zuri. Kuna mjinga alikuwa amemvisha azikwe nalo, anasema, lakini kaliko inatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Msomaji wa Karume au Gikomba hahitaji kufafanuliwa Joe ni nani. Ni mtu wa mitumba, isipokuwa belo lake lina mwenyewe anayejulikana. Lakini nataka tuiangalie hiyo kaliko, maana ndipo London ya Scrooge inapokutana na sisi bila kulazimishwa. Kaliko ni pamba nyeupe ya bei rahisi, na jina lake linatoka Calicut, bandari ya India ambayo majahazi ya pwani yetu yaliijua. Miaka ileile ya 1840, Zanzibar ya Seyyid Said ilikuwa ikipokea pamba ya aina hiyo kutoka viwanda vya Massachusetts, baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani. Watu wakaiita jina la walioileta: merikani. Ilivuka bara migongoni mwa wapagazi, ikapimwa kwa mikono, minne shuka, minane doti, na ikawa fedha kabla ya fedha. Pamba yenyewe ilichumwa na watumwa kusini mwa Marekani. Na ni merikani, au bafta, ambayo wengi wa pwani wamezikiwa nayo. Dickens alipomnyima Scrooge shati, maana maiti ile ni yake, na kumwachia kaliko, alimnyima kitu ambacho bibi zetu wangekielewa mara moja, kisha wangeuliza kwa nini mtu azikwe na shati kwanza.

Hapo pia ndipo ninapopata wivu. Nimeketi kwenye michezo ya kuigiza ya shule na hata ile ya watu wazima ambapo msafara wa karne ya 19 unaingia jukwaani umevaa vitenge vya juzi, na bibi wa enzi ya Seyyid Said kajifunga kanga yenye jina, wakati kanga zenyewe zilikuja baadaye na maandishi yake yakachelewa zaidi. Sidai makumbusho. Kipande cha merikani si ghali, kaniki bado zinauzwa. Mpagazi aliyevaa merikani iliyochakaa huku mabegani kabeba robota la merikani mpya isiyo yake ameshatoa hotuba nzima kuhusu biashara ile. Mkimvika kitenge cha maua mtalazimika kumwandikia mistari.

Usahihi pekee hauleti tuzo, hilo nalo tuliseme. Mwaka 1993 Oscar ya maleba ilikwenda kwa Eiko Ishioka kwa filamu ya Dracula ya Francis Ford Coppola, yenye kina Victoria wengine kabisa: majoho ya ndoto, deraya kama misuli iliyochunwa ngozi. Kazi ya ajabu, ilistahili. Mwaka 2020 Jacqueline Durran aliipata kwa Little Women, filamu iliyotoka siku ya Krismasi yenyewe ya 2019, ambamo mabinti wanatembea nje vichwa wazi mara nyingi kuliko ambavyo majirani wa miaka ya 1860 wangevumilia. Wapenzi wa historia walinung'unika. Mimi sikunung'unika, Durran alijua kanuni na alijua anaivunja ili tuone nyuso. Vikaragosi wa Hollowood na Smith hawakuteuliwa kwa Oscar yoyote. Nadhani kosa lao lilikuwa kufanya kazi vizuri mno hata ikaonekana chura alizaliwa na kizibao.

Nilisema kuna faida ya uchoyo wa rangi. Scrooge anaanza filamu kama kivuli: kofia ndefu, koti refu la giza, tunamwona kwa nyuma kabla ya kuuona uso. Nguo zake ni nzuri. Hazina kiraka. Hazina rangi pia. Usiku kucha anazunguka na mizimu akiwa na vazi la kulalia na kofia yake ya usingizi, tajiri aliyevuliwa kila kinachomtofautisha na mtu mwingine anayeogopa. Asubuhi anavaa tena ya jana na kutoka mtaani mtu mpya ndani ya nguo zilezile. Wabunifu hawakumbadilishia koti. Bahili aliyeokoka saa moja iliyopita hajapata muda wa kwenda kwa fundi.

Mtaani anakutana na wakusanya sadaka aliowafukuza jana, daktari Bunsen na msaidizi wake Beaker, yule asiyeweza kusema zaidi ya mlio mmoja. Anawaahidi fedha nyingi. Beaker hana la kujibu, kwa hiyo anavua skafu yake nyekundu na kumpa. Haimo kwa Dickens. Ni ya filamu. Scrooge anaishika kama mtu aliyesahau zawadi hushikwaje, anaizungusha shingoni, na anabaki nayo hadi mezani kwa Cratchit. Wekundu huo unawezekana kabisa mwaka 1843, wadudu na mizizi walitosha kuutoa. Unawaka hivyo kwa sababu kwa saa nzima tumekuwa tukila kijivu na hudhurungi. Na ni skafu, vazi la karani ajaribuye kujipasha moto kwenye mshumaa, sasa liko juu ya kabuti la tajiri.

Nilimgeukia shangazi nikiwa na maneno haya yote tayari mdomoni, juu ya rangi na tarehe na Perkin na kwinini yake. Yeye alikuwa bado anaitazama ile theluji.

"Na yule aliyetoa," akasema, "sasa anavaa nini?"